Shangazi Hana Huzuni, Ana Mawazo

Mpunga ukianza kutoa masuke, Chimala hailali. Saa kumi usiku watu wako majarubani, wengine na makopo, wengine na kombeo, wengine na sauti zao tu, wanaamia ndege. Kwelea kwelea hawana mswalie mtume. Ukichelewa nusu saa, umepoteza gunia.

Msimu mmoja wa namna hiyo nilimsindikiza shangazi kliniki ya presha, kwenye zahanati ambayo sitaitaja kwa sababu haina kosa. Shangazi ni mjane. Tulipofika mbele ya meza, nesi, binti mdogo mwenye adabu zake, alimwamkia shikamoo, akampima, kisha akatoa karatasi yenye maswali tisa.

"Mama, ndani ya wiki mbili hizi, ni mara ngapi umekuwa na huzuni au umejisikia kukata tamaa?"

"Huzuni sina, mwanangu. Nina mawazo."

Binti akatazama karatasi, akamtazama shangazi, akarudi kwenye karatasi. Neno mawazo halikuwepo. Akaandika sifuri.

Akauliza usingizi. "Silali. Saa kumi niko shambani na ndege." Akaandika tatu, yaani karibu kila siku. Akauliza uchovu. "Hivi mwezi huu nani asiyechoka?" Tatu nyingine. Mengine yote shangazi alijibu hapana, maana nyuma yetu kulikuwa na foleni na foleni ina masikio. Jumla sita. Mpaka wa karatasi ile ni kumi. Tukapewa vidonge vya presha, tukatembea hadi stendi kutafuta bodaboda.

Njiani nikapiga hesabu upya. Alama zote sita zilikuwa za ndege. Mawazo aliyonayo tangu mjomba afariki, yale yanayomfanya akae na kikombe cha chai mpaka kipoe, yalipata sifuri.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya karatasi zile. Nilidhani nitakuta habari za madaktari na hesabu. Zipo, lakini nilichokutana nacho zaidi ni habari za maneno: nani anatafsiri, nani anaamua kwamba neno hili ni sawa na lile. Sisi wapenda fasihi tunalijua neno uhakiki kwa maana ya kukisoma kitabu kwa jicho kali. Wenzetu wa afya wanalitumia pia, kwa kazi ya kukijaribu kipimo kabla ya kukiamini. Nadhani ni kazi moja.

Karatasi ya shangazi inaitwa PHQ-9. Iliundwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams, Kurt Kroenke na wenzao, kwa fedha za kampuni ya dawa ya Pfizer, na makala ya kuihakiki ilitoka 2001. Maswali tisa, kila moja sifuri hadi tatu, jumla ya juu kabisa 27. Ukifika kumi, unatakiwa kuulizwa zaidi na mtaalamu. Ni bure, fupi, na haihitaji daktari bingwa kuisoma. (Kwamba Pfizer ilikuwa inauza dawa ya sonona wakati huohuo, msomaji ataamua mwenyewe alipe uzito gani.) Wamarekani wenyewe walijiuliza kama inasema kweli kwa watu wa kila asili. Mwaka 2006 Huang na wenzake, Kroenke na Spitzer wakiwemo, waliilinganisha kwa wagonjwa Weupe, Weusi, wenye asili ya China na wa Kilatino, wakaona inapima kitu kilekile. Majibu mazuri. Ila hao wote ni wakazi wa nchi moja, na wengi wao wanajua maana ya kupewa karatasi na mtu mwenye koti jeupe.

Huku kwetu mambo yalianza vingine kabisa. Yalianza kwa kuambiwa kwamba ugonjwa wenyewe hatuna.

J. C. Carothers alizaliwa Afrika Kusini, akawa daktari wa serikali ya kikoloni Kenya, na kuanzia 1938 hadi 1950 aliisimamia hospitali ya Mathari, Nairobi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Hoja yake, kwa kifupi: sonona ni adimu kwa Waafrika, kwa sababu Mwafrika hajibebeshi lawama mwenyewe, anamtupia jirani na mchawi. Miaka miwili nyuma alikuwa amefika mbali zaidi, akaulinganisha ubongo wa Mwafrika na ubongo wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele kwa upasuaji. Tusipite haraka hapo. Aliyeandika hivyo hakuwa mlevi wa baa. Shirika la dunia nzima ndilo lililomwomba aandike kitabu.

Kosa lake lilikuwa la rangi, hilo halifichiki, lakini lilikuwa pia la mahali aliposimama. Alihesabu waliopelekwa Mathari. Nani anapelekwa hospitali ya vichaa enzi za ukoloni? Anayevua nguo sokoni, anayechoma nyumba, anayempiga karani. Mama anayekaa kimya jikoni na chai iliyopoa hapelekwi popote. Hasumbui serikali.

Miaka michache baadaye, huko Ghana, Margaret Field alikwenda kukaa kwenye vihekalu vya waganga vijijini. Kitabu chake kilitoka 1960. Aliwakuta wanawake wamekuja kwa miguu yao kukiri kwamba wao ni wachawi, kwamba wameua watoto, kwamba hawafai kuishi. Lawama ambayo Carothers alisema haipo ilikuwa imepanga foleni kwa mganga. Na jambo hili si la Ghana peke yake. Mwaka 2003 Ngoma, Prince na Mann walichapisha utafiti wa Dar es Salaam uliolinganisha watu wanaokwenda zahanati na wanaokwenda kwa waganga wa jadi. Wenye matatizo ya kawaida ya akili, yaani huzuni na wasiwasi uliozidi, walikuwa asilimia 24 zahanati na asilimia 48 kwa waganga. Mara mbili kamili. Carothers angepita Manzese badala ya kukaa Mathari, kitabu kingekuwa kingine.

Halafu uhuru ukaja, na sonona nayo ikaja! Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ripoti za sonona kwa Waafrika zikaanza kumiminika. Raymond Prince, daktari aliyewahi kufanya kazi Nigeria, aliliandikia jambo hilo makala akiuliza: watu wamebadilika, au ni madaktari waliobadilisha mtindo? Binafsi nalipenda swali lake kuliko majibu mengi niliyosoma.

Nyanda za Juu Kusini hatukusahaulika. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo Robert Edgerton, mwanaanthropolojia kutoka Marekani, alifika kwa Wahehe wa Iringa. Alikuwa katika mradi uliolinganisha jamii nne za Afrika Mashariki: Wahehe, Wakamba, Wapokot na Wasebei. Makala yake ya 1966 inaeleza watu wa kila jamii wanamtambuaje mtu aliyerukwa na akili, wanasema nini kimesababisha, na afanywe nini. Mwaka 1971 akaandika nyingine, nzuri zaidi kwa msomaji wa hadithi, juu ya mganga mmoja wa Kihehe anayemwita Abedi. Anamwonyesha kama tabibu kweli: anachunguza dalili, anajaribu mitishamba, anaangalia matokeo. Kichwa cha makala kinampa cheo cha daktari wa akili, na kwa wakati ule hiyo haikuwa heshima ndogo.

Nikizisoma makala hizi nashukuru, halafu nakwama palepale. Edgerton aliuliza kuhusu wazimu. Hata mtafiti mwenye nia njema, aliyefunga safari hadi Iringa na kukaa na watu, alianza na yule anayepiga kelele. Wanyamavu hawakuulizwa.

Waliowauliza walikuwa Uganda. John Orley alifanya kazi vijijini Buganda, na mwaka 1979 yeye na John Wing wakachapisha matokeo ya vijiji viwili, kwa kutumia mahojiano yaleyale yaliyotumika kwa wanawake wa kusini-mashariki ya London. Sonona ilikuwa nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko London. Ilikuwa miaka 26 tangu kitabu cha Carothers.

Mwaka huohuo kijana mwingine wa Uingereza aliyewahi kufundisha Makerere, John Cox, alichapisha utafiti wake juu ya wajawazito 263 wa pembezoni mwa mji, Uganda. Alikuwa pia ameusikia ugonjwa ambao Waganda wanauita amakiro, unaompata mama aliyejifungua, akaandika juu yake. Cox akarudi kwao, akahamia Edinburgh, na mwaka 1987 yeye, Jeni Holden na Ruth Sagovsky wakatoa dodoso la maswali kumi kwa mama waliojifungua, ambalo leo limetafsiriwa kwa lugha nyingi duniani. Linaitwa kwa jina la Edinburgh. Lakini swali lililolizaa, yaani unamtofautishaje mama aliyechoka kwa sababu ana kichanga na mama aliyeelemewa, Cox alianza kulishughulikia Uganda. Ndiyo maana dodoso lile haliulizi uchovu wala hamu ya kula. Mama mwenye kichanga hulala lini?

Na mama mwenye jaruba la mpunga Usangu je? Hapo ndipo sita ya shangazi iliponirudia kichwani.

Sasa tafsiri. Njia inayofundishwa, tangu Richard Brislin aiandike mwaka 1970, ni hii: mmoja anatafsiri dodoso kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona la kwanza analirudisha kwenye Kiingereza, kisha wanakaa kulinganisha. Ni njia nzuri ya kukamata makosa ya wazi. Haikamati neno ambalo ni sahihi kwenye kamusi na limekufa mdomoni. Dodoso la Hopkins, lenye maswali 25, kwa Kiingereza linauliza kama unajisikia bluu. Lile la Edinburgh linauliza kama mambo yamekupanda juu. Hayo mtafsiri anayaona mapema. Anajua bluu ni rangi ya sare za shule, na mambo kwetu hayapandi, yanaelemea. Hatari iko kwenye maneno mepesi. Huzuni. Huzuni ni neno zuri la Kiswahili, liko kwenye Biblia, liko kwenye taarabu, litarudi kwenye Kiingereza salama salimini. Ila kwa shangazi huzuni ni ya msibani. Ina siku zake, ina mkeka wake, watu wanakuja na kanga na unga, kisha inaisha. Kinachobaki baada ya watu kuondoka kinaitwa mawazo.

Na si shangazi peke yake. Nenda Zimbabwe, Washona wana kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Vikram Patel na wenzake walianza na maneno ya wagonjwa wenyewe wakatengeneza dodoso la Kishona la maswali 14, lililochapishwa 1997. Ni hilohilo ambalo mabibi wa Harare, kwenye benchi za Dixon Chibanda zilizoanza 2006, wanalitumia hadi leo. Mwaka 2013 neno kufungisisa likaingia katika mwongozo mkuu wa magonjwa ya akili wa Marekani, ukurasa wa nyuma lakini limo. Sonona, neno tulilolichagua Tanzania rasmi (Wakenya wengi wanasema unyogovu), bado shangazi yangu hajalitamka hata mara moja. Analijua kusononeka. Sonona yenyewe anaisikia redioni.

Dar es Salaam kuna watu walioifanya kazi hii kwa uvumilivu ambao haupigiwi makofi. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walilichukua dodoso la Hopkins wakalijaribu kwa wajawazito wenye virusi vya Ukimwi. Makala ilitoka 2002. Walichofanya ni kuwapa kina mama dodoso, kisha baadhi yao wakahojiwa kwa kina kwa utaratibu wa kitabibu, halafu majibu mawili yakawekwa ubavu kwa ubavu. Marekani mpaka uliozoeleka wa dodoso lile ni 1.75. Wangeweza kuukopa mpaka huo kama tunavyokopa vingine vingi, na wala asingewauliza mtu. Wakautafuta wao, kwa wanawake wa Dar, na ulitoka tofauti.

Namba hiyo ni kama matundu ya chekeche. Yakiwa makubwa, chenga zinapita na mchele mzima. Yakiwa madogo, unabaki na mawe. Na nyuma yake kuna watu: mwaka 2007 Gretchen Antelman na wenzake, Kaaya akiwemo, walionyesha kwamba kati ya wanawake wa Tanzania wenye virusi, waliokuwa na dalili za sonona walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kuendelea na ya kufa. Kwa hiyo aliyepita kwenye tundu la chekeche hakukosa tu ushauri nasaha.

Kaaya na wenzake hawakuishia hapo. Mwaka 2008 walichapisha dodoso jingine, la maswali 19, lililotengenezwa hapahapa Tanzania badala ya kutafsiriwa. PHQ-9 nayo imejaribiwa: Eldoret kwa wagonjwa 347 wenye virusi, makala ya 2009, na Dar es Salaam, makala ya 2019. Inafanya kazi. Nalisema wazi ili nisieleweke vibaya: karatasi ya shangazi si karatasi ya kutupa. Lakini waliojaribiwa walikuwa watu wa mjini Dar au wagonjwa wa Eldoret, wengi wamezoea kliniki ya kila mwezi. Shangazi ni wa Usangu, kwa wakulima wa mpunga, mahali ambapo Kiswahili kinakutana na Kisangu, Kibena, Kihehe, Kinyakyusa na Kikinga cha wanaoshuka kutoka Matamba kwa zile kona hamsini na saba. Kiswahili chetu ni cha stendi na soko. Mambo ya moyoni wengi huyasema kwa lugha nyingine, na kwa sauti ya chini.

Halafu kuna swali la tisa, la kutamani kufa. Kiswahili chetu kinalo kama kikohozi: bora nife, heri ardhi inimeze. Mtu anasema hivyo kwa sababu mbuzi amekula mbegu. Mwingine hasemi kabisa, na ndiye wa kuogopea. Tena sheria yetu ya kanuni za adhabu, kifungu cha 217, bado inasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinakiuka katiba. Huku kwetu bado. Basi hebu fikiria mtu wa kijijini aulizwe swali hilo mbele ya foleni, na mtu anayeandika. Atajibu nini?

Walionifungua macho zaidi ni Paul Bolton na wenzake. Rwanda, baada ya mauaji ya 1994, hawakuanza na dodoso. Waliwauliza watu: baada ya yale, shida zenu ni zipi? Zikatoka kwa majina yake, mojawapo agahinda gakabije, huzuni iliyopitiliza. Kusini-magharibi ya Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, zikatoka hali mbili, moja ya mtu kujichukia na nyingine ya kujihurumia, na wenyeji wenyewe ndio waliotaja nani wanaona anazo. Kisha wakauliza jambo ambalo sikuliona kwingine: mwanaume wa hapa kwa kawaida anafanya kazi gani kila siku, na mwanamke je? Orodha ya kazi hizo ikawa sehemu ya kipimo. Mwaka 2003 walitoa matokeo ya tiba ya vikundi katika vijiji 30, na kipimo kilichoonyesha kwamba watu wamepona kilikuwa na maneno ya watu hao ndani yake.

Nilipomaliza kusoma hiyo nilimpigia shangazi simu. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, ndege wameondoka, nikamkuta ana nafasi. Nikamuuliza: ungekuwa wewe ndiye nesi, ungemuuliza nini mtu mwenye mawazo?

Akacheka kwanza. Halafu akasema hamuulizi yeye, anauliza jirani. "Nitamuuliza: huyu anasalimia? Mtu mwenye mawazo anakupita njiani kama hakuoni. Si kiburi."

Kingine?

"Kuni. Anaokota kuni za leo tu. Za kesho haweki."

Nikamwambia hayo hayamo kwenye karatasi. Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake.

"Na wewe shangazi, kuni za kesho unazo?"

"Wiki hii ninazo," akasema. "Ungeniuliza mwezi wa nne."